Tangi Limebipu

Tulipoachana, msomaji wangu, kidole cha Ida kilikuwa juu ya kipanya cha kompyuta, mgambo amesimama mlangoni na rungu lake, na Bwana Sultani, mwenyekiti wa kamati ya maji, amemwinamia begani akitoa amri ya neno moja tu.

"Futa!"

Na wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa kuwa limefungia maandazi yako, usijione mgeni. Huyu Ida ni mchapaji wa barua pale Newala, mwenye kiduka cha kopi na kompyuta moja aliyoinunua kwa korosho za misimu mitatu, za mikorosho aliyogawiwa na baba yake alipokuwa hai kule Chiwata. Katika kompyuta hiyo alifungua blogu, akaiita Foleni ya Ndoo. Kwa wiki tatu vioski vya maji vya mtaa vilikuwa vikavu. Kamati ilisema pampu imekufa. Lakini boza la Bwana Sultani lilizunguka kila siku likiuza maji, na blogu nayo, bila haya, ikawa inaandika: "Tangi limebipu, Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi."

Maana yake maji yameingia kwenye tangi kubwa la kilimani. Nani alimwambia? Hilo Bwana Sultani hakulijua, na ndilo lililomnyima usingizi.

Sisi tunajua. Chini ya mfuniko wa tangi lile Ida alining'iniza simu kuukuu ya tochi ndani ya mfuko wa nailoni. Maji yakipanda, chupa tupu ya plastiki inaelea, inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma msumari, msumari unabonyeza kitufe namba mbili. Simu inampigia Ida. Ida anaiacha ilie bila kuipokea, na salio linabaki salama. Aliipachika vioski vikiwa bado havijakauka, siku alipompelekea chakula mumewe, Alfredi, fundi pampu, akamkuta amelala fofofo kivulini, tangi liko wazi. Hata Alfredi hakuambiwa.

Haya, turudi kwenye kidole.

"Sifuti," akasema Ida.

"Umesemaje?"

"Nimesema sifuti, Baba Pili. Kama nimeandika uongo, pana nafasi hapa chini ya kujibu. Sema jibu lako, nitakuchapia bure."

Mgambo alikohoa. Bwana Sultani akasimama wima, akavuta kanzu yake.

"Mama Gerson, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiyesikia la watu wenye kiu huvunjika nini?"

"Boza langu linakuuma? Hii ni enzi ya soko huria. Kila mtu na mtaji wake. Mimi mtaji wangu gari."

"Hata mimi nimesikia habari za soko huria," Ida akajibu. "Mtaji wangu mdomo."

Mzee akaona maneno hayamfai. Akainama, akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Akapumua kwa raha, akakikumbatia kile kioo kama mtu aliyekamata kondoo wake.

"Blogu yako hii hapa. Naondoka nayo."

Ida alitaka kulia, akajikuta anacheka.

"Mzee, umebeba kioo. Blogu haikai humo."

"Inakaa wapi?"

"Nionyeshe mahali redio inapoficha taarifa ya habari, nami nitakuonyesha blogu inapokaa."

Kwa hasira Bwana Sultani akaamuru kila chenye waya kichukuliwe. Mgambo akabeba sanduku la kompyuta, akabeba mashine ya kopi, akarudi kubeba kipanya, na safari ya mwisho akatoka na feni ya mezani. Feni, jamani! Ilikosa nini?

Mlangoni mzee akageuka.

"Kesho saa tatu asubuhi, baraza la kata. Umenitukana mbele ya dunia. Umeandika tumbo langu ni simtanki. Utanieleza."

Saa tatu asubuhi, katikati ya msimu wa korosho! Saa hiyo Newala yote iko shambani, migongo imeinama chini ya mikorosho, mjini wamebaki wagonjwa na kuku. Ida akaelewa mara moja. Mzee alitaka kumhukumu mbele ya mabenchi matupu.

Alibaki katikati ya kiduka chake, mezani pana alama tano za vumbi pale vyombo vilipokuwa. Hasira ilimpanda. Akatoa simu mfukoni, akampigia Julia.

Julia alikuwa Masasi, akisimamia kompyuta za kukodisha karibu na stendi. Walisoma pamoja, na neno la siri la kufungulia blogu walikuwa nalo wote wawili. Tangu mwezi wa tatu walikuwa wakivumbua vidubwasha vya kupachika kwenye blogu kama mabinti waliopata shanga mpya. Kwanza walipata kidubwasha cha kuhesabu wageni. Wakashangilia wageni mia mbili kwa siku tatu, kumbe mia na tisini walikuwa wao wenyewe, wakiingia kuchungulia kama wageni wameongezeka. Kisha wakapata ramani yenye nukta nyekundu kila mahali penye msomaji. Nukta moja ikatokea ng'ambo ya Ruvuma, nyingine Uswidi, na mpaka leo hawajui huyo wa Uswidi ana shida gani na maji ya Newala.

Halafu wakapata kidubwasha cha kura. "Je, maji yametoka kwenu leo? Ndiyo. Hapana. Maji ndiyo nini?" Jibu la tatu liliongoza kwa mbali. Na Julia, ambaye hatulii, akachora ndoo ndogo ambayo ukiigusa kwa kipanya inapinduka na kumwaga vumbi. Watu walilipia nusu saa kule kwake Masasi ili tu waipindue ndoo.

"Amechukua vyote," Ida akamwambia. "Hata feni."

"Hata feni!" Julia akaguna. "Basi nisikilize. Jana nimegundua kingine. Kuna mtambo, unaandika ujumbe mmoja kwenye kompyuta, unaingia kwenye simu za watu mia kwa mkupuo. Na zile namba zote wanazoacha wasomaji kwenye ukuta wa salamu, wale wanaosema tuambieni yakitoka, ninazo."

"Ngapi?"

"Mia mbili na kitu. Ukimtoa yule wa Nanganga anayeandika kila siku kwamba kwao yapo tuhamie huko."

Ida hakufikiri mara mbili.

"Andika hivi. Kesho saa tatu, baraza la kata, Sultani anamshitaki Foleni ya Ndoo. Ndoo zije na wenyewe."

"Ida, una uhakika? Ukiwaita watu halafu ukashindwa, utashindwa mbele yao."

"Afadhali nishindwe mbele yao kuliko kushindwa mbele ya mabenchi. Tuma."

Alasiri Alfredi akarudi na baiskeli yake, mikono ina grisi. Akaiona ile meza tupu, akakaa juu yake.

"Pole, mke wangu."

"Sijapoa. Kesho naitwa barazani."

"Nimesikia." Alfredi akawa anafuta grisi kwa kipande cha gazeti, kidole kimoja kimoja. "Hili jambo lina mlango mwepesi. Wewe sema ulikuwa unatania. Yule ni mtani wenu. Mtani hashitakiwi."

Kweli, ukoo wa Sultani na ukoo wa baba yake Ida ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao si wa kuchekeana tu njiani. Mwaka uliopita, alipozikwa Mzee Nikolao, baba yake Ida, kule Chiwata, padri ameshafungua kitabu na jeneza limeshafika, Bwana Sultani aliruka kaburini na kanzu yake, akalala chali, akakunja mikono kifuani. "Nikolao hana nafasi humu, nimewahi mimi!" Wafiwa wakacheka na machozi yao. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo mweupe. Ndiyo haki ya mtani.

"Nani amekufundisha neno hilo?" Ida akauliza.

"Nimefikiri tu."

"Habari ya tumbo ni utani, sawa. Na habari ya maji je?"

"Maji waachie wenyewe."

"Wenyewe ni nani, Baba Gerson? Mama yako anachota maji ya dimbwi, anayachuja kwa kanga. Mwanao anakwenda shule hajanawa uso. Wenyewe ndio sisi."

Alfredi akachana kipande kingine cha gazeti, akaendelea kufuta.

"Pampu imekufa kweli?"

"Nimeshakwambia imekufa. Na ufunguo wa tangi kamati ilinipokonya siku ileile."

Simu ya tangini ilimwambia Ida vingine, lakini alikwisha kujipangia jibu siku nyingi: wakubwa wanamzunguka mume wangu, wanafungua wenyewe, yeye maskini hajui. Mtu akimpenda mtu humtafutia udhuru hata pasipoombwa.

"Kesho utakuja?"

"Nitakuja," akasema Alfredi, akainua baiskeli.

Asubuhi ile ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Bwana Sultani aliingia saa tatu kamili, akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba. Watu walitoka moja kwa moja mashambani, wengine na matenga ya korosho kichwani, wananuka mabibo, na kila mtu na ndoo yake. Ndoo za bluu, za kijani, ndoo za rangi zenye majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa misumari. Mwenye benchi alikalia benchi, asiye na benchi akapindua ndoo akaikalia.

Mwenye kiti cha baraza alikuwa Bi Kibibi, mkunga mstaafu. Nusu ya watu waliokuwa mle ndani walizaliwa mikononi mwake, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Shikamoo, Bi Kibibi," Ida akasalimu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Na wewe Sultani, ondoa kanga juu ya hiyo kompyuta, haijafa."

Kicheko. Bi Kibibi akapiga meza kwa kandambili yake, pakatulia. Shitaka likasomwa: kwamba mshitakiwa aliandika, dunia nzima ikasoma, ya kuwa tumbo la mwenyekiti wa kamati ya maji ni simtanki, linajaa wakati ndoo za wenzake zimekauka.

Kicheko tena, kirefu. Kandambili tena.

"Sultani," akasema Bi Kibibi, "wewe si ndiye uliyelala kaburini siku ya mazishi ya Nikolao?"

"Ndiye mimi."

"Ukapewa jogoo?"

"Nikapewa."

"Ukamla?"

"Nilimla."

"Na nani?"

Bwana Sultani akakuna shingo. "Peke yangu."

Ukumbi ukapasuka. Mama mmoja aliangua kicheko mpaka ndoo ikamponyoka. Bi Kibibi mwenyewe alijifunika mdomo kwa ushungi.

"Basi kesi imekwisha. Umekula jogoo wa utani kwa baba yao, leo mtoto wa marehemu anakutania tumbo unakwenda kushitaki? Wapi uliona?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ida akahisi jiwe limeshuka kifuani. Akamtafuta Alfredi kwa macho amwonyeshe furaha yake. Hakumwona.

Ndipo akaona jambo la ajabu. Bwana Sultani alikuwa anatabasamu.

"Bi Kibibi, umenena," akasema mzee, akasimama taratibu. "Nimekubali. Ni utani. Vyombo vyake vyote namrudishia sasa hivi, na feni pia. Naomba kitu kimoja. Karani aandike kwamba yaliyomo kwenye blogu hiyo ni utani. Tumbo ni utani. Tangi ni utani. Maji kuingia saa nne, utani. Nami nacheka, ha ha. Tusameheane."

Hata aliyekuwa haelewi kompyuta alielewa. Karani akiandika vile, Foleni ya Ndoo imekwisha. Kila itakachosema watu watacheka, na boza litapita.

Bi Kibibi hakupenda, lakini kanuni ni kanuni. Akamgeukia Ida.

"Mwanangu, unasemaje? Ukikubali, unatoka na mali yako. Ukikataa utani, kesi inarudi pale ilipokuwa, na ukishindwa nitafunga duka lako. Sitakuwa na njia."

"Kubali, Mama Gerson!" sauti ya mwanamke ikamsihi kutoka nyuma. "Una mtoto!"

Ida akatazama kompyuta yake pale mezani. Misimu mitatu ya kuokota korosho, kucha zimeunguzwa na maganda. Kiduka hicho ndicho kilichomvalisha Gerson sare na viatu. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, na neno lenyewe ni tamu, la kuchekesha, mume wake mwenyewe alilisema jana.

Akasimama.

"Bi Kibibi, la tumbo ni utani. Nitamtania huyu mzee mpaka siku yake ya mwisho, na kaburini nitalala mimi, ajiandae kwa jogoo. Ni haki niliyorithi. Lakini la tangi si utani. Karani, andika hivyo. Maji yaliingia Jumatatu saa nne na dakika kumi. Jumatano saa nne na robo. Ijumaa saa nne kasoro dakika tano. Vioski havikupata tone. Kama hilo ni kosa, nishitakiwe kwa hilo, duka lifungwe kwa hilo. Sitalificha nyuma ya jogoo."

Kisha mtu mmoja akapiga ndoo yake kwa kiganja. Mwingine akapiga. Ukumbi mzima ukawa unapiga ndoo mpaka bati likatetemeka, na Bi Kibibi akaiacha kandambili chini.

"Ushahidi!" Bwana Sultani alipiga kelele juu ya kelele. "Nani alikwambia? Mtaje!"

"Tangi lenyewe."

"Mnamsikia?"

Ida akaeleza yote. Simu ya tochi, mfuko wa nailoni, chupa, kijiti, msumari. Vijana wa madirishani wakaguna kwa kupendezwa. Wazee wakatazamana. Bwana Sultani alitupa mikono juu.

"Kichaa huyu! Tangi linapiga simu! Kesho atasema ng'ombe amemwandikia barua."

Wengine wakacheka, na Ida akahisi ukumbi unaanza kumponyoka. Lakini Bi Kibibi hakucheka.

"Sasa ni saa ngapi?" akauliza.

Mzee akatazama saa yake ya mkononi. Ungemwona uso wake! Msomaji wangu, njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi kuliko ukumbi ule. Alichagua asubuhi kwa sababu asubuhi watu wako mashambani. Na ndiyo sababu ileile iliyomfanya ajaze boza asubuhi. Kwa pupa ya kumkomoa Ida alisahau kuwaambia watu wake wa kilimani kwamba leo wapumzike.

"Saa nne na dakika kumi," akasema kwa sauti ndogo. "Bi Kibibi, naomba tuahirishe. Jua ni kali. Watu warudi kwenye korosho zao."

"Ukumbi una paa," Bi Kibibi akamjibu. "Kaa."

"Nina shinikizo la damu, Bi Kibibi."

"Nami ni mkunga. Kaa."

Ikapita dakika moja. Ikapita ya pili. Ida alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Akawaza betri. Ile ya tangini haijaguswa kwa wiki tatu.

Simu ikalia.

Akainua kioo chake juu watu waone. Jina lilikuwa moja: TANGI. Walio mbele wakalisoma kwa sauti, walio nyuma wakalirudia, likatoka madirishani. Ida akampa Bi Kibibi simu, naye hakuwa na miwani wala subira. Akabonyeza.

"Usipokee, Bibi, salio li..." Ida alianza, akajizuia. Kwa wiki tatu hajawahi kuipokea hata mara moja. Akanyoosha kidole, akafungua kipaza sauti.

Maji.

Ukumbi mzima uliyasikia. Maji yanaanguka ndani ya tangi, mengi, mazito, na mwangwi wake. Watu waliokuwa hawajayasikia maji ya bomba kwa wiki tatu waliyasikia yakitoka kwenye kisimu kilicho mkononi mwa bibi kizee. Mwanamke mmoja akaanza kulia.

Kisha katikati ya maji ikaja sauti ya mtu, karibu kabisa, ya mtu aliyesimama juu ya mfuniko.

"Limefika nusu! Rudi nyuma kidogo, tuunganishe mpira!"

Bi Kibibi akakunja uso. "Nani huyo?"

Watu walianza kumtazama Ida, mmoja mmoja, na ile hamu yao yote ikageuka kuwa huruma. Naye hakuhitaji kutazamwa. Sauti ile aliamka nayo asubuhi. Ilimuaga mlangoni, ikamwambia nitakuja.

Bwana Sultani akamsogelea. Alikuwa amepata nguvu tena.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Gerson," akasema polepole. "Waambie ni nani. Au sasa tuandike kuwa ni utani?"

Miaka kumi na moja ya ndoa. Ida alijiona mjinga, na ujinga huo ulimuuma kuliko usaliti wenyewe. Aliona ile grisi inavyofutwa kidole kimoja kimoja. Aliona alivyomtetea mtu asiyeomba kutetewa. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke mbele ya watu wote, akamgeukia karani.

"Andika," akasema. "Alfredi, fundi pampu. Mume wangu. Leo, saa nne na dakika kumi na mbili. Na hili pia si utani."

Karani akaandika. Tabasamu la Bwana Sultani likafa midomoni, kwa maana hilo hakulitarajia.

Mle simuni maji yaliendelea kuanguka. Halafu ile sauti ikaja tena, ya chini, ya mtu aliyeinama.

"Hee! Hiki kinachowaka humu ni nini?"

Nailoni ikachakacha. Alfredi alikuwa ameishika.

Ida akaichukua simu kutoka mkononi mwa Bi Kibibi. Angeweza kuikata. Watu mia mbili wenye ndoo walikuwa wamesimama wanamsubiri, na kule juu mtu aliyezaa naye alikuwa anapumua sikioni mwake.

"Baba Gerson," akasema, "usifunge koki. Tunakuja na ndoo."

Kitu kikaanguka majini, simu ikakatika, na hata bila simu watu wa madirishani wakalisikia boza kule kilimani likiwashwa na kupandishwa moto kwa pupa.

Kutoka kwenye tangi mpaka barabara kuu njia ni moja, nayo inapita mbele ya ukumbi wa kata. Ida hakujua aliyeshika usukani ni dereva au ni mumewe. Akatoka, akashuka ngazi, akaenda kusimama katikati ya njia.